Nipe Mji

Bibi yangu alitega vitendawili taa ikishapunguzwa utambi. Tulikuwa watoto sita juu ya mkeka mmoja, miguu imepishana kama kuni, na yeye yuko kwenye kigoda chake karibu na mlango. "Kitendawili!" Na sisi kwa sauti moja: "Tega!" Usiku mmoja alitega hiki: kuku wangu katagia miibani.

Tulitaja kila tulichokijua chenye miiba. Mchongoma. Mpungate. Nungunungu. Binamu yangu akasema ni mwiba wa samaki kooni, tukacheka, naye bibi akatikisa kichwa kama alivyotikisia majibu mengine yote. Kisha akayatamka maneno niliyoyaogopa kuliko giza la uani: "Haya, nipeni mji."

Aliyekulia kwenye vitendawili anajua uchungu wa maneno hayo. Ukishindwa, unalipa mji. Peremende haitoshi wala shilingi haitoshi. Unatoa mji mzima na soko lake na watu wake. Kaka yangu akatoa Bagamoyo. Bibi akasema Bagamoyo amekwisha kupewa wiki iliyopita. Akapewa Mombasa. Basi akaenda zake Mombasa, akatusimulia alivyopokewa, alivyokula, kitanda alichotandikiwa, sisi tunamsikiliza matumbo yanatuwasha kwa jibu tusilolijua, mpaka aliporidhika na safari yake akasema: "Nanasi."

Asubuhi yake nilikwenda nyuma ya nyumba ya jirani, palipokuwa na safu ya mananasi. Nilikuwa nimekula mananasi tangu nilipoota meno. Sikuwa nimewahi kuliona nanasi. Majani yake makali yamezunguka pande zote, pembeni yana meno kama msumeno, na katikati tunda limetulia kama kuku anayeatamia, limekaa juu ya bua lake mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki bila kuchanika. Nilichuchumaa pale mpaka nikaitwa kwenda kuteka maji.

Sura hii naiandika kwa ajili ya asubuhi ile. Jibu nilikuwa nimelipata usiku, mji ulikuwa umekwisha kulipwa, na kwa hesabu ya kawaida kitendawili kilikuwa kimekufa. Mbona basi hamu ilikuwa imezidi?

Kiswahili chenyewe kinatupa pa kuanzia. Tunafumba macho, tunafumba mdomo, tunafumba mkono. Fumbo limetoka humo. Na kila kinachofumbwa kinafumbuliwa, kwa hiyo ndani ya neno hili mna ahadi: mkono huu uliofungwa mbele yako una kitu ndani, na vidole vinaweza kukunjuliwa. Siri ni jambo jingine. Siri ina mwenyewe, na adabu yake ni kuiacha ilipo. Fumbo unaletewa wewe, ukaambiwa haya, fumbua. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua, na ingawa msemo huo hutumika zaidi kumsuta mtu, nauona pia kama mwaliko. Ndiyo maana mtoto hukaa macho usiku kwa ajili ya fumbo hata kama hakuna zawadi.

Nimesikia mara nyingi watu wazima na wasomi wakilalamika kwamba kujua kunaharibu ajabu, kwamba nyota zilikuwa nzuri zaidi kabla hazijapimwa. Siliamini hilo. Linaloharibu ajabu ni jibu la mkato, lile lililo tayari mdomoni kabla swali halijaisha, na ambalo likishatamkwa kila mtu hunyanyuka kwenye mkeka akaenda kulala. Watu wawili walionifundisha hivyo ni Mzanzibari aliyeandika hadithi na mwanamke wa Afrika Kusini aliyeona pezi la buluu.

*

Nilipokuwa darasa la saba nilikuta katika sanduku la mjomba kitabu kisicho na jalada. Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Mjomba aliposikia malalamiko yangu alisema pengine zilifungiwa karanga.

Hadithi yenyewe ilishinda shindano la uandishi wa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Tajiri mmoja anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, pale ambapo watu wa zamani huachiwa heshima yao, na midomo ya watu ina jibu tayari: wa kale wamekasirika. Jibu hilo halina haja ya kuuliza nani alikuwa wapi, nani alimdai nani, nani alionekana akipita njia gani. Limefunga kesi kabla haijafunguliwa. Hapo ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, ambaye kazi yake kubwa ni kuuliza maswali ambayo msomaji angeona haya kuyauliza. Bwana Msa hadharau mzimu wala hawakejeli wanaouamini. Anakataa tu kuutumia kama kizibo. Anavuta kiko, anatazama, anauliza tena.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla hajawa mhariri wa magazeti, alifanya kazi miaka mingi katika idara ya afya akiwa mkaguzi. Kila nikisoma upya vitabu vyake naiona kazi ile nyuma ya sentensi. Mkaguzi wa afya huingia kwenye ua ambamo watu wanaugua na kuambiwa kwamba ni jicho la mtu au ni majaliwa. Naye, kwa adabu zote, huomba aonyeshwe kisima. Jicho la Bwana Msa ni la namna hiyo. Linakwenda kwenye kisima.

Muhula mzima tulibishana juu ya muuaji, mimi na wenzangu watatu tuliopokezana kile kitabu kisicho na mwisho. Kila mmoja alikuwa na mtu wake. Tulirudi kwenye kurasa zilizobaki kutafuta ushahidi, tukisoma mazungumzo neno kwa neno, tukapigiana kelele njiani kutoka shule. Sijawahi kusoma kitabu kwa makini kama kile, na walimu wangu waliojitahidi na ufahamu ubaoni hawakuwahi kunifikisha hapo.

Miaka kumi na zaidi ikapita. Nikakutana na nakala kamili kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba Dar es Salaam, na kabla ya kulipa nilisita. Niliogopa kwamba nikisoma mwisho, ule muhula wa mabishano ungefutika. Nikasoma usiku huohuo. Sitasema nani aliua, kwa kuwa huenda nakala yako nayo imefungiwa karanga. Nasema tu kwamba mtu wangu hakuwa yeye. Kesho yake nikakianza tena ukurasa wa kwanza, safari hii kuangalia mwandishi alikuwa ameviweka wapi vile vitu vyote. Vilikuwa wazi. Vilikuwa mahali tulipopita na vidole vyetu mara ishirini. Nilijisikia kama nyuma ya nyumba ya jirani, nimechuchumaa mbele ya nanasi.

Huo ndio uaminifu ninaoudai kwa mwandishi wa fumbo: nipate kila kinachohitajika, nishindwe kwa haki. Hadithi za namna hii huhesabiwa kuanza na Mmarekani Edgar Allan Poe mwaka 1841, na nguvu yake ilionekana vizuri pale Arthur Conan Doyle alipochoka na Sherlock Holmes, akamuua mwaka 1893, kisha kwa shinikizo la wasomaji akalazimika kumfufua miaka kumi baadaye. Kwetu walifuata wengi. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango, mpaka vijana wakawa wanazisoma chini ya dawati. Baadhi ya hadithi hizo zinakwenda kwa bastola kuliko kwa akili, nazo nazipenda kwa namna nyingine. Lakini zinazobaki kichwani ni zile zenye nanasi ndani.

*

Sasa twende baharini, kwa kuwa huko nako kuna mwenye kutega.

Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi iitwayo Nerine iliingia bandari ya East London, Afrika Kusini. Nahodha Hendrik Goosen alikuwa na mazoea ya kumwita msimamizi wa makumbusho madogo ya mji ule aje kuchagua chochote kigeni kwenye shehena. Msimamizi huyo, Marjorie Courtenay-Latimer, alikuwa na miaka 31 na kazi nyingi siku ile. Alikwenda hasa kuwatakia mabaharia Krismasi njema. Akiwa anageuza lundo la papa na utelezi, akaona pezi la buluu.

Akamfukua. Samaki mwenye urefu wa mita moja na nusu, kilo zaidi ya 57, buluu yenye madoa meupe, magamba magumu kama vigae. Mapezi yake hayakuota ubavuni kama ya changu au kolekole. Yalisimama juu ya vikono vya nyama. Mkiani, katikati ya mkia, palikuwa na kijimkia kingine. Dereva wa teksi alikataa kumpakia, kisha akashawishiwa. Pa kumhifadhi hapakupatikana, hata chumba cha maiti kilimkataa, na Desemba ya kule ni kiangazi. Mkubwa wake makumbusho alimtazama yule samaki akasema ni chewa tu.

Nisimame hapo kidogo. Chewa tu. Neno dogo lenye kazi ileile ya mzimu katika hadithi ya Abdulla. Moja linasema jambo hili ni kubwa mno kuulizwa, jingine linasema ni dogo mno kuulizwa, na yote mawili yanakurudisha nyumbani mikono mitupu. Courtenay-Latimer hakuwa na shahada ya kumpinga mkubwa wake. Alikuwa na macho yake. Alichora picha ya samaki yule kwa kalamu, mkia na kijimkia chake, akaipeleka kwa J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia huko Grahamstown ambaye mapenzi yake yalikuwa kwenye samaki.

Barua ilimkuta Smith likizoni mwanzoni mwa Januari 1939. Alipofika mwenyewe East London mwezi wa Februari, matumbo ya samaki yalikwisha kutupwa na ngozi imekaushwa, lakini ilitosha. Alikuwa mbele ya silikanti, samaki aliyejulikana kwa mawe tu, kwa mabaki yaliyogeuka miamba, na ambaye wataalamu wote waliamini alitoweka pamoja na madinosauri miaka milioni 66 iliyopita. Smith akamwita Latimeria chalumnae, kwa heshima ya mwanamke aliyemwona na ya mto Chalumna, ambao mbele ya mdomo wake ndipo alipovuliwa.

Jibu limepatikana, basi? Hapo ndipo fumbo lilipoanza. Samaki hawezi kuishi miaka milioni 66 akiwa mmoja. Wenzake wako wapi? Smith alichapisha karatasi zenye picha kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi pauni 100 kwa atakayempata wa pili, zikasambazwa katika pwani ya mashariki ya Afrika. Miaka 14 ikapita. Nahodha mfanyabiashara Eric Hunt, aliyekuwa akizunguka na jahazi lake kati ya Zanzibar na Komoro, alizipeleka visiwani. Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah wa kisiwa cha Nzwani, ambacho ramani za Wafaransa hukiita Anjouan, alimvua silikanti usiku, na sokoni mtu mmoja akaikumbuka ile picha. Smith alimwomba waziri mkuu wa nchi yake ndege ya jeshi, akapewa. Aliandika baadaye kwamba alipomwona samaki yule alilia.

Wakomoro hawakulia. Wao walikuwa na jina lake, gombessa, na walijua nyama yake ina mafuta mengi na si tamu. Husimuliwa kwamba magamba yake makavu yalitumika kukwaruza mpira wa baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Hebu fikiri: gamba la kiumbe ambaye vitabu vya ulimwengu vilisema hayupo, mkononi mwa fundi baiskeli kando ya njia. Silikanti hakuwa amepotea hata siku moja. Waliosema amepotea hawakuwa wamewauliza wavuvi wa Komoro, na hilo ni funzo ambalo sayansi ililipia miaka 14.

Kuanzia hapo kila kidole kilichokunjuliwa kilionyesha kingine kilichokunjwa. Mwaka 1975 makumbusho ya New York yalipasua jike lililokuwa limehifadhiwa miaka mingi, ndani wakakuta watoto watano walioumbika kamili: silikanti huzaa. Smith alikuwa amempa jina la utani la mzee wa miguu minne, akiamini anatembea chini ya bahari kwa vikono vile. Mwaka 1987 timu ya Mjerumani Hans Fricke ilishuka kwa chombo cha kuzamia pale Komoro, ikawaona wakiwa hai nyumbani kwao. Hawatembei. Mchana hujikusanya kwenye mapango ya mawe, kina cha karibu mita 200, bila kugombana. Usiku hutoka wakielea na mkondo, mapezi yakipishana mwendo kama miguu ya farasi anayekwenda mbio za polepole, ingawa chini yao hakuna ardhi wanayoikanyaga. Na mara kwa mara husimama kichwa chini mkia juu, wakabaki hivyo dakika nzima. Mnyama yule hakuthibitisha dhana ya Smith, akatoa kitu cha ajabu kuliko dhana.

Mwaka 2013 wanasayansi walisoma urithi wake wote wa vinasaba. Wengi walikuwa wamezoea kumwona kama binamu wa karibu wa wanyama waliotoka majini wakapata miguu, yaani wa chura, wa kuku, wa bibi yangu. Ikaonekana aliye karibu zaidi nasi ni kamongo. Kamongo! Yule anayekatwa vipande na kukaangwa Mwanza na Musoma, mwenye mapafu, anayejizika topeni maji yakikauka na kujifunika utando wa ute wake mwenyewe akisubiri mvua. Watu walikuwa wakimtafuta jamaa yao kwenye mapango ya bahari kuu, naye yuko kwenye karai.

Kisha mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walihesabu upya mistari ya magamba ya silikanti, kama mtu anavyohesabu duara za gogo, kwa mwanga unaofichua mistari myembamba ambayo wa kwanza hawakuiona. Hesabu ya zamani ilimpa miaka 20 hivi. Mpya ilimpa karibu 100. Jike hufikia kuzaa akiwa na zaidi ya miaka 50, na mimba huchukua kama miaka mitano. Niliposoma hayo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nilikuwa nawaza jike aliyekuwa tayari anaogelea gizani siku ambayo Abdulla alikuwa bado mtoto wa Makunduchi.

*

Mwaka 2003 silikanti alinaswa karibu na Songo Mnara, Kilwa, wa kwanza kuandikwa nchini Tanzania. Baadaye wakaanza kutokea Tanga, mmoja baada ya mwingine, kwenye jarife, zile nyavu za macho makubwa zinazotegwa maji ya kina kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kuanzia upande wa mto Pangani hadi kaskazini ya mji.

Nilikwenda Kigombe, katikati ya hifadhi hiyo, na kichwa kimejaa hizo tarehe. Maji yalikuwa yametoka, ngalawa zimeegemea ubavu kwenye mchanga, na chini ya mkungu ameketi mzee anashona wavu, uzi umebanwa kwenye kidole gumba cha mguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nikamuuliza habari za silikanti. Alikuwa amemwona mara mbili. Mara ya kwanza, akasema, walidhani ni chewa aliyezeeka, na baharia mmoja alitaka amrudishe majini kwa hofu, akisema ni kitu cha watu. Nikacheka kwa jinsi majibu yote mawili yalivyokutana ndani ya chombo kimoja. Mzee akanisubiri nimalize. Halafu nikamweleza niliyoyasoma: umri wa miaka 100, mimba ya miaka mitano, watoto watano tumboni. Aliacha kushona. Aliniuliza jinsi walivyohesabu, nikamweleza mistari ya magamba, akainamisha kichwa kwa muda.

"Mimi nina moja langu," akasema. "Wakubwa tunawanasa. Wewe unasema wanazaa. Sasa kitendawili: watoto wao wanakaa wapi? Miaka yangu yote sijamwona hata mmoja wa kiganja."

Nilikumbuka kwamba mwaka 2009 Wajapani walimpiga picha mtoto mmoja mdogo huko Indonesia, kina cha mita 160, urefu kama rula ya shule. Mmoja, tena wa jamii nyingine ya silikanti na bahari nyingine. Nikamwambia hayo. Akasema hao ni wa huko, yeye anauliza wa hapa. Nikataja mapango ya kina zaidi. Akatikisa kichwa: ulijuaje? Nikataja mdomo wa mto. Akatikisa kichwa. Maji yalikuwa yameanza kurudi na ngalawa ya kwanza imeshainuka upande mmoja.

"Nimeshindwa, mzee," nikasema. "Nakupa Tanga."

Alicheka mpaka uzi ukamtoka kidoleni. Kisha akauokota, akaubana tena, akaanza kutafuta jicho la wavu alipoishia.

"Kaa na Tanga yako," akasema. "Jibu hata mimi sina."